Rjukan: Mji Uliolifuata Jua Mlimani

Mwezi wa Oktoba uingiapo, mkulima wa Kenya huyatazama mawingu. Mvua za vuli zi karibu, jembe limekwisha kutiwa mpini, na mbegu zimewekwa tayari. Lakini liko jambo moja lisilomtia wasiwasi hata kidogo, nalo ni jua. Ajua kwamba litachomoza yapata saa kumi na mbili na robo asubuhi, na kwamba litatua yapata saa kumi na mbili na robo jioni, wala halitamdanganya. Mjini Nairobi mchana ulio mrefu kabisa katika mwaka hauupiti ule ulio mfupi kabisa kwa zaidi ya dakika 10 hivi. Hata Mombasa, iliyo mbali zaidi kidogo na mstari wa Ikweta, tofauti hiyo ni kama nusu saa tu.

Hesabu ya saa za Kiswahili imejengwa juu ya uaminifu huo wa jua. Jua likichomoza, usiku umekwisha na saa za mchana zaanza kuhesabiwa, moja, mbili, tatu, mpaka zitimie kumi na mbili. Likitua, hesabu huanza upya. Hata asiye na saa mkononi hutazama juu akajua kama wakati wa kurudi nyumbani umefika. Ni hesabu nzuri na rahisi; lakini mtu akiichukua na kusafiri nayo mpaka Ulaya ya kaskazini mwishoni mwa mwaka, itamvurugikia.

Katika Oslo, mji mkuu wa nchi ya Norwei, jua la mwezi wa Desemba huchomoza yapata saa tatu na robo asubuhi, wakati watoto wamekwisha kuingia darasani, na hutua yapata saa tisa na robo mchana. Mchana wote haufiki saa sita kamili. Mwislamu wa pwani anayekaa huko hujikuta akisali Magharibi wakati jamaa zake wa Mombasa wangali katika wakati wa sala ya Alasiri. Tena ni ajabu kwamba Oslo, ingawa iko mbali sana upande wa magharibi, huona machweo ya Desemba zaidi ya saa moja kabla ya Nairobi.

Sababu yake si ngumu kueleza. Dunia huzunguka jua hali imeinama, na kiasi cha kuinama kwake ni nyuzi 23 na nusu hivi. Kwa hiyo katika miezi sita upande wa kaskazini hulielekea jua, na katika miezi sita mingine huligeuzia kisogo. Watu wa Ikweta wamekaa katikati, wala hawaoni mabadiliko makubwa. Watu wa kaskazini hulipwa mwezi wa Juni, ambapo mchana wa Oslo hukaribia saa 19. Lakini kuanzia Septemba deni hilo hudaiwa, na hulipwa kidogo kidogo. Kila siku ipitayo hupunguza mchana kwa zaidi ya dakika tano, yaani zaidi ya nusu saa kila juma. Halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba hufika, na kwa amri ya serikali saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja. Jumamosi jua lilitua yapata saa kumi na moja na nusu. Kesho yake latua saa kumi na nusu. Karani atokaye ofisini saa kumi jioni hukuta mwanga wa siku unakwisha, na baada ya majuma machache hutoka gizani kabisa.

MJI ULIO CHINI YA KIVULI

Kama giza la Oslo ni zito, liko giza jingine lililo zito zaidi, yapata kilometa 180 upande wa magharibi, katika mji mdogo uitwao Rjukan. Mji huu umelala katika bonde jembamba linaloelekea mashariki na magharibi, na milima imesimama pande zote mbili kama kuta. Upande wa kusini uko mlima Gaustatoppen, ambao kilele chake kina urefu wa mita 1,883 juu ya bahari. Mwishoni mwa Septemba jua la kaskazini huwa limeshuka chini kiasi hiki, hata halipandi tena juu ya ukuta huo. Tangu siku hiyo mpaka yapata tarehe 12 Machi, jua halianguki katika mji. Mchana upo, na mbingu huonekana nyeupe au buluu juu ya vichwa vya watu. Hata miale ya jua huonekana ikimulika miamba ya upande wa kaskazini. Lakini chini, mitaani, ni kivuli kitupu kwa karibu miezi sita.

Mtu atauliza, kwa nini watu wakajenga mji mahali kama hapo? Jibu lake lamgusa kila mkulima anayenunua mbolea ya gunia. Mwaka 1903 mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Kristian Birkeland na mhandisi aitwaye Sam Eyde walivumbua njia ya kutumia moto mkali wa umeme ili kuikamata naitrojeni iliyomo katika hewa na kuifanya mbolea. Njia hiyo ilihitaji umeme mwingi mno, na karibu na Rjukan palikuwapo maporomoko ya maji yenye urefu wa mita 104. Kampuni ya Norsk Hydro ikaundwa mwaka 1905, na mwaka 1911 kituo cha umeme cha Vemork kikaanza kazi, nacho wakati ule kilikuwa kikubwa kupita vyote duniani. Bonde lililokuwa na mashamba machache tu likapata viwanda, reli, shule na maelfu ya watu. Kazi ya mbolea ya kampuni hiyo iliendelea kwa vizazi vingi, hata mwaka 2004 ikatengwa ikawa kampuni ya peke yake iitwayo Yara, ambayo mbolea yake huuzwa mpaka Kenya.

Hivyo watu wa Rjukan walikuja kwa ajili ya maji. Na maji hayo, pamoja na barafu ya zamani za kale, ndiyo yaliyolichimba bonde hilo likawa refu na la kina. Kitu kilichowapa kazi ndicho kilichowanyima jua.

Ni haki kusema kwamba giza la mahali pale liliwahi kuwa msaada. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Februari 1943, wakati nchi ilipokuwa imetekwa na Wajerumani, vijana wachache wa Norwei waliteremka korongoni, wakavuka mto, wakapanda mpaka Vemork na kuilipua mitambo iliyokuwa ikitengeneza maji mazito, ambayo Wajerumani waliyataka kwa uchunguzi wa nguvu za atomi. Walikwenda na kuondoka bila kufyatua risasi hata moja. Lakini hilo lilikuwa giza la usiku mmoja. Giza la miezi sita ni jambo lingine, nalo halina ushujaa ndani yake. Humchosha mtu polepole.

KARANI NA GARI LA KAMBA

Wa kwanza kupendekeza kwamba jua lishushwe bondeni hakuwa mhandisi wala tajiri. Alikuwa karani wa hesabu, jina lake Oscar Kittilsen. Mwaka 1913 wazo lake lilichapishwa katika gazeti la mji: viwekwe vioo vikubwa vinavyozunguka juu ya mlima wa kaskazini, ambako miale ya jua hufika, navyo viirudishe miale hiyo chini mpaka Rjukan. Sam Eyde mwenyewe alilipenda wazo hilo. Lakini ufundi wa siku zile haukutosha. Kioo ambacho hakilifuati jua kila wakati kitaimulika sehemu moja kwa dakika chache tu, kisha mwanga utahama.

Basi ikatafutwa njia nyingine. Ikiwa jua haliwezi kuwashukia watu, watu na wapande kulifuata jua. Mwaka 1928 kampuni ya Norsk Hydro iliwapa watu wa mji zawadi ya gari linaloning'inia kwenye kamba ya chuma, liitwalo Krossobanen. Magari yake mawili, jekundu na la buluu, yamepewa majina ya matunda madogo ya porini yanayopendwa sana huko. Katika dakika tano hivi abiria huinuliwa kutoka kivulini mpaka kimo cha mita 886 juu ya bahari, na huko juu hukuta mwanga wa jua juu ya theluji. Mama huwapeleka watoto, wazee hukaa na kuota jua, kisha huteremka tena. Magari hayo yangali yakifanya kazi mpaka leo.

Jambo moja lafaa litazamwe hapa. Kampuni ilikuwa imekwisha kuwapa wafanya kazi mishahara, nyumba na shule. Ingeweza kusema kwamba jua si kazi yake. Lakini mtu aliyefanya kazi kiwandani mchana kutwa, akaishi kivulini tangu Septemba mpaka Machi, alikuwa amepungukiwa na kitu ambacho fedha hazikuweza kukilipa. Gari la kamba lilikuwa ni kukubali jambo hilo hadharani.

MASHINDANO JUU YA VIOO

Karibu miaka 100 ikapita. Msanii mmoja, Martin Andersen, alihamia Rjukan pamoja na jamaa yake. Majira ya majani kupukutika yalipoingia, alikuwa akimsukuma mtoto wake katika kigari, akaona kwamba kila siku humlazimu kwenda mbali zaidi bondeni ili aukute mwanga wa jua, maana kivuli kilikuwa kikisogea kama maji yanayojaa. Ndipo alipolifufua wazo la vioo. Safari hii ufundi ulikuwa tayari. Na katika kijiji cha Viganella, huko Italia, ambacho hukosa jua tangu tarehe 11 Novemba mpaka tarehe 2 Februari, watu walikuwa wamekwisha kusimamisha kioo kikubwa cha chuma mlimani mwaka 2006, nacho kilifanya kazi.

Hata hivyo wengi mjini hawakulikubali jambo hili. Gharama yake ilikuwa kroner milioni 5, na mji wenye watu wapatao 3,000 tu si mji wa kutapanya fedha. Viwanda vya zamani vilikuwa vimefungwa, na kazi zilikuwa zimepungua. Wapinzani walisema kwamba wazee wanahitaji utunzaji na watoto wanahitaji shule, na kwamba ni upuuzi kununua mwanga wa kumulika uwanja mmoja tu. Maneno yao hayakuwa ya kijinga. Kila baraza la wilaya, popote pale duniani, hujua uzito wa hoja kama hiyo. Wenye kuvitaka vioo walijibu kwamba uwanja wa mji si wa mtu mmoja, na kwamba mji ambao watu wake hawatoki nje hufa hata kama vitabu vyake vya hesabu ni safi. Mwishowe sehemu kubwa ya fedha ilitolewa na wafadhili, na kazi ikaanza.

Vioo vitatu, kila kimoja chenye eneo la mita za mraba 17, vilipandishwa kwa helikopta na kusimamishwa mlimani, mita 450 juu ya mji. Kompyuta huvigeuza kidogo kidogo mchana kutwa ili vilifuate jua, na nguvu za kuviendesha hutokana na jua na upepo. Mwanga wao huanguka katika uwanja ulio mbele ya nyumba ya baraza la mji, nao huenea mita za mraba 600 hivi, yaani kama sehemu moja ya saba ya eka. Mkulima wa Kiambu angesema kwamba hicho ni kipande cha kupandia sukumawiki tu. Lakini vilipozinduliwa tarehe 30 Oktoba 2013, watu wa mji walijaa uwanjani, wengine wamevaa miwani ya jua, na watoto wa shule walipunga bendera. Wengi walisimama wameinua nyuso, wamefumba macho, wala hawakusema neno.

Tangu hapo mabishano yalipungua. Wageni walianza kuja kuutazama mwanga huo, na maduka ya kahawa yakapata wateja. Lakini faida iliyo kubwa zaidi haionekani katika hesabu. Kabla ya vioo, siku ya Novemba, mtu hakuwa na sababu ya kusimama uwanjani. Sasa mzee anayetoka posta hukaa kidogo kwenye benchi, na mwingine humkuta hapo, wakaulizana hali. Eneo la mwanga ni dogo, na kwa sababu ni dogo huwakusanya watu pamoja.

MAMBO YAFANYWAYO NYUMBANI

Si kila mji una vioo, na hata Rjukan vioo havifai kitu siku ya mawingu. Kwa hiyo kila nyumba katika nchi zile ina desturi zake za kupambana na giza. Taa ndogo huwekwa dirishani, si kwa ajili ya aliye ndani tu, bali hata apitaye njiani aone kwamba pana watu. Mishumaa huwashwa mezani wakati wa chakula. Watoto wa shule na watu wazima hutundika juu ya makoti yao vipande vinavyong'aa vikimulikwa na taa za magari, ili dereva awaone kwa mbali. Watoto wadogo hutolewa nje kucheza kila siku, hata kama ni baridi, maana wenyeji husema kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, bali mavazi yasiyofaa.

Na chakula nacho kina sehemu yake. Jua la baridi la nchi zile liko chini mno hata haliwezi kuusaidia mwili kutengeneza vitamini D, inayohitajiwa na mifupa. Kwa hiyo kwa vizazi vingi watu wa Norwei wamekunywa mafuta ya maini ya samaki kila siku katika miezi ambayo jina lake lina herufi R, yaani tangu Septemba mpaka Aprili. Jambo hili lawahusu hasa Waafrika wanaokaa huko, kwa kuwa ngozi nyeusi huhitaji jua jingi zaidi kuliko ngozi nyeupe ili kupata kiasi kile kile cha vitamini hiyo.

Ama juu ya moyo, madaktari nao wamejifunza. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, walieleza huzuni inayowarudia watu wengine kila mwaka mchana unapofupika. Mgonjwa hulala sana lakini haamki na nguvu; hutamani vyakula vya wanga na vitu vitamu; huacha kazi zake katikati, na huwaepuka rafiki zake. Si uvivu, wala si uchawi. Mwanga uingiao machoni asubuhi ndio unaouambia ubongo kwamba siku imeanza, na ukikosekana, mwili hubaki kama ungali usiku. Dawa mojawapo ni kukaa yapata nusu saa kila asubuhi mbele ya taa maalumu yenye mwanga mkali wa laksi 10,000, ambapo taa ya kawaida ya nyumbani haifikii hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Mwenye ugonjwa wa macho au maradhi mengine amwone daktari kwanza.

Liko na jambo la tatu, lisilonunuliwa dukani. Katika mji wa Tromsø, ulio kaskazini kabisa mwa Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Mtaalamu wa elimu ya nafsi kutoka Marekani, Kari Leibowitz, alikwenda kukaa huko akitaka kujua watu wanavyovumilia. Alikuta kwamba wengi wao hawajioni kama watu wanaovumilia. Wao huyahesabu majira hayo kuwa na kazi zake na furaha zake: kuteleza juu ya theluji, kukaa karibu na moto, kutembeleana. Jua linaporudi mwezi wa Januari, watu hula maandazi ya mviringo yaliyotiwa jamu ndani, kwa kulikaribisha.

MANENO KWA WENYE JAMAA HUKO

Siku hizi wasemao Kiswahili ni wengi katika nchi za kaskazini. Wako wanafunzi na wafanya kazi waliotoka Afrika ya Mashariki, na wako watu wa Kongo waliokwenda kutafuta salama. Mzazi aliye Kakamega au Voi humpigia mwanawe simu mwezi wa Novemba, akaisikia sauti yake imepoa, na majibu yake ni mafupi. Mara nyingi hudhani kwamba kijana ameshindwa na masomo au ameisahau nyumba yao. Yawezekana. Lakini yawezekana pia kwamba tangu juzi hajaliona jua: alitoka gizani asubuhi, akafanya kazi chini ya taa, akarudi gizani. Kabla ya kumwuliza juu ya fedha na mitihani, ni vema kumwuliza neno moja dogo: Je, leo mchana umetoka nje?

Maana hilo ndilo fundisho la Rjukan. Giza lenyewe halimdhuru mtu kama linavyomdhuru kule kujifungia kwa sababu yake. Gari la kamba, vioo, taa ya dirishani, hata yale maandazi, vyote vina kazi moja, nayo ni kumtoa mtu nyumbani akakutane na wenzake mahali penye mwanga. Anayekaa ugenini atoke saa sita ya mchana, japo kwa robo saa, wakati anga lina mwanga mwingi kuliko saa nyingine, akubali akialikwa, na jirani yake mgeni, wa nchi yoyote ile, amgongee mlango.

Kila mwaka, ifikapo yapata tarehe 12 Machi, jua hulipanda tena lile bega la mlima na kuzimulika nyumba za Rjukan lenyewe, bila msaada wa kioo. Watu hufanya sherehe mitaani. Na kule Kenya siku hiyo hiyo, mkulima anayengojea mvua za masika hulitazama jua lile lile, akiliomba lipunguze ukali wake kidogo.